Waya Mmoja wa Solai

Mkono uliokata simu ulikuwa wa Mzee Nderitu.

Ndiyo, huyo huyo. Mwenyekiti wa baraza la kanisa, mwenye koti la kijivu na sauti ya kuongoza sala ndefu. Wale mlioniandikia baada ya sehemu iliyopita mkisema lazima ni polisi, poleni sana. Polisi angalau hupiga mlango teke kwanza, mtu akajua wamefika.

Mama wa upande wa pili alikuwa ameshasema, "Kikombe kiko hapa mbele yangu, Kasisi, na ndani ni dawa ya kuogeshea ng'ombe." Alikuwa ameshasema, "Lakini kabla sijanywa nitakuachia jina la mwanamume aliyenifikisha hapa." Akavuta pumzi. Jina likiwa mdomoni, kidole kinene kikashuka kwenye kile kidude cha kuwekea mkono wa simu. Laini ikafa.

Kasisi Kahiga alibaki na mkono wa simu sikioni akisikiliza hewa. Kisha akageuka.

"Mzee," akasema, "umefanya nini?"

"Nimelinda kanisa."

"Nimekuuliza umefanya nini!"

"Usinipigie kelele, Kahiga. Nilikuwa mkubwa wa watu wewe ukiwa bado unavaa kaptura. Simu ya kanisa haiwezi kuwa pipa la uchafu wa wanawake wa jikoni."

Wariara, mshonaji wa Bondeni ambaye Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kusikiliza simu, aliinuka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Uchafu? Mtu ameshika sumu mkononi, wewe unasema uchafu? Ebu nione hiyo Biblia yako, kama ina kurasa ndani ama ni jalada tu!"

"Wariara, keti."

"Sikai! Nani amekuambia mimi nataka kukaa?"

Sasa lazima niwaambie jambo kuhusu Kasisi huyu, maana kuna wasomaji wanaodhani mtu akianzisha simu ya kufariji watu basi yeye ni maji ya uvuguvugu. Wacha! Simu hiyo ilizaliwa na hasira. Alimzika karani mmoja wa reli aliyejitoa uhai nyuma ya landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na pale kaburini majirani wakasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba marehemu alishinda wiki nzima akizunguka akitafuta mtu wa kuongea naye, na kila mtu alikuwa na kazi. Kasisi aliondoka pale bila kumuaga mtu. Akaomba simu, akagombana na baraza, akagombana na askofu, akaipata. Akatangaza sokoni, landhi na kwenye maduka ya Wahindi, na wapishi wakayapeleka maneno yake mpaka mashambani kwa wazungu: Una mzigo? Piga simu kanisani Nakuru. Hatuulizi jina. Hatumwambii mtu.

Na watu wakapiga. Mashambani wenye simu ni mabwana, lakini wanaoipangusa vumbi ni wapishi na mayaya. Jumamosi gari la bwana likishapotelea njia ya klabu, jikoni wanajua la kufanya.

Kasisi alimsukuma Nderitu kando kwa bega, akabonyeza kile kidude mpaka mtamboni, kule wanakounganisha simu, wakaitika.

"Wasike! Ni mimi Kahiga. Ile simu iliyokatika, nirudishie upesi!"

"Ilitoka laini ya Solai, Kasisi," Wasike akasema. Wasike alikuwa kijana wa mtamboni, mwenye sauti ya upole hata dunia ikiungua. "Lakini shamba gani, hiyo sijui."

"Hujui vipi na wewe ndiye uliyeiunganisha?"

"Solai ni mashamba sita kwa waya mmoja, Kasisi. Hapa kwangu kibao kinachoanguka ni kimoja. Akiita wa kwanza ama wa mwisho, mimi naona tu Solai."

"Waya mmoja?"

"Mmoja. Kila shamba na mlio wake, ndiyo wajue nani anaitwa."

Kasisi akaubana mkono wa simu sikioni.

"Na Wasike, mmoja akiwa anaongea, jirani akiinua simu yake?"

"Anasikia kila kitu. Si kila mtu anajua hiyo?"

Kila mtu, isipokuwa Kasisi Kahiga. Yeye alizoea simu ya mjini, moja ya peke yake juu ya meza. Akakumbuka jinsi mama yule alivyoanza leo, si kwa kilio kama wiki iliyotangulia, bali kwa ghadhabu: "Uliapa, Kasisi! Ulisema humwambii mtu! Mbona kisimani walinipokea kwa kicheko? Mbona wanamwita mtoto wangu mtoto wa pasi?" Na yeye, mjinga aliyesoma, akamjibu kwamba hajamwambia mtu. Ni kweli hakumwambia mtu. Laini nzima ilisikia yenyewe, na yeye ndiye aliyemkaribisha aseme.

Sisi tunajua mama huyo anaitwa Wangare. Kasisi hakujua, maana hakuuliza. Na Wangare naye si kwamba hakujua watu husikiliza simu za mashambani. Alijua. Lakini hii ilikuwa simu ya kanisa, na Kasisi ameapa, basi akaamini kiapo kuliko masikio yake.

"Mungu nisamehe," Kasisi akasema. Kisha, "Wasike, piga mashamba yote sita, moja moja!"

"Hasara ya bure," Mzee Nderitu akasema akijipangusa koti. "Huyo mwanamke wa Makonge amekuwa mwongo tangu zamani. Hatakunywa kitu. Anatisha watu."

Kasisi akageuka.

Makonge ni jina ambalo watu walimpa bwana mmoja wa Solai kwa sababu ya mkonge wake. Kasisi hakuwa amelitaja. Wasike mwenyewe, aliyekaa mtamboni, hakujua.

Wariara ndiye aliyelidaka. Alimwendea mzee polepole, sindano zake bado zimechomekwa kifuani kwa blauzi.

"Mzee. Nani amekuambia ni wa Makonge?"

"Nani... Watu wanasema. Sokoni."

"Sokoni gani? Mimi niko sokoni kila siku ya Mungu. Sijasikia. Wewe hukuwa nyapara kwa Makonge kabla hujaja mjini kununua duka? Si wewe ulikuwa unashika pasi za watu wa kambi ya vibarua, vile vibali vya kukaa, nani akae na nani apandishwe lori?"

"Wariara, chunga mdomo wako."

"Mtoto wa pasi!" Kasisi akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu wa madhabahu. "Ni wewe."

"Kasisi, usiseme usilolijua."

"Ni wewe! Ulikata simu kwa sababu jina lililokuwa linakuja ni lako!"

Alimshika mzee kola. Wasomaji, nisiwafiche: alimshika kola kwa mikono miwili, yule mtu wa Mungu, akamgonga ukutani, na kofia ya mzee ikaanguka ikabiringika chini ya meza. Angempiga. Ngumi ilikuwa imeshakunjwa. Kilichomzuia si sala, ni sauti ndogo ya Wasike ikiita kutoka kwenye mkono wa simu uliokuwa unaning'inia: "Kasisi? Kasisi, uko?"

Kasisi akamwachilia mzee, akaudaka.

"Piga Makonge!"

Simu ikalia. Mfupi, mfupi, mrefu. Ndio mlio wa Makonge. Ikalia tena. Hakuna aliyeshika. Wariara alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na Mzee Nderitu alielewa kwamba hatoki humo bila kumpita mama yule, na kumpita haikuwa kazi ndogo.

"Hawashiki, Kasisi."

"Endelea!"

"Nimeendelea. Hawashiki."

Toka Nakuru hadi Solai kwa gari ni safari, na Kasisi hakuwa na gari. Alikuwa na baiskeli. Polisi? Akiwaita polisi kwa mama wa Kikuyu peke yake kwenye nyumba ya mzungu, katika ile hali ya hatari ya Mau Mau, wangemfunga kwanza ndipo waulize kama amekunywa. Alijipiga paji la uso kwa kiganja. Kisha akauliza:

"Wasike, nyasi zikishika moto huko, mnawaambiaje watu?"

"Tunapiga mlio mmoja mrefu, usiokatika. Nyumba zote zinainua pamoja."

"Upige."

"Kasisi!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Wasike ilipanda. "Huo ni wa moto peke yake. Nikiupiga bure hii kazi sina tena. Mimi nina watoto."

"Nitakwenda mimi kwa mkubwa wako. Nitasema nilikudanganya, nilikuambia kuna moto. Upige, ndugu yangu. Mtu anakufa."

Kisha Kasisi akausikia mlio ukienda, mrefu, ukipita juu ya mkonge na kahawa na mazizi, ukiingia nyumba baada ya nyumba. Mikono ya simu ikaanza kuinuliwa: tak, tak, tak.

"Moto! Moto iko wapi?" Sauti nzito ya mzungu mmoja. "Nani nasema?"

"Iko upande ya mto?" Sauti ya mwanamke wa kizungu, mwembamba wa koo. Huyo ni Memsab Kuku, jirani wa Makonge.

"Hakuna moto wa nyasi," Kasisi akasema. "Mimi ni Kasisi Kahiga wa Nakuru."

"Kasisi? Wewe nafanya nini kwa laini yangu? Toka saa hii!"

"Nyamaza, bwana."

Hata Wariara alishika mdomo. Mwaka ule, mtu mweusi kumwambia mzungu anyamaze ndani ya simu yake mwenyewe! Watu walikuwa wamefungwa kwa kidogo kuliko hicho. Yule bwana alishtuka kiasi kwamba alinyamaza kweli.

"Sisemi na wewe," Kasisi akaendelea, na sasa alikuwa ananguruma. "Nasema na jikoni! Najua mko hapo. Mpishi, yaya, nyote. Nasikia mnavyopumua. Wiki jana mama mmoja wa laini hii alinipigia akilia, na nyinyi mkasikiliza. Mkabeba kilio chake mpaka kisimani, mkamcheka yeye, mkamcheka na mtoto wake ambaye hakumkosea mtu! Hamkuona haya? Mimi nilimwambia hakuna atakayejua, kwa hivyo mimi nina kosa langu na nitalijibu. Lakini leo huyo mama yuko jikoni kwa Makonge na kikombe cha dawa ya ng'ombe. Mimi niko mbali, nyinyi mko karibu. Hiyo miguu iliyokwenda kisimani kumsengenya, iamke ikimbie kwa Makonge sasa hivi! Na akifa, sitamzika peke yangu. Nitawaita mmoja mmoja mbele ya kaburi, mseme mlisikia nini na mlimwambia nani!"

Mahali fulani sufuria ikaanguka.

Halafu sauti ya msichana, imejaa machozi. "Kasisi, ni mimi. Chepkemei, yaya wa kwa Memsab Kuku. Ni mimi nilisema kisimani. Sikujua ataumia hivi..."

"Sitaki toba sasa! Kimbia!"

Mkono wa simu ukaachwa, ukagonga ukuta mara kadhaa. Miguu ikasikika ikipiga mbao za veranda.

"Chepkemei!" Memsab Kuku akalia. "Chepkemei, rudi! Mkate yangu iko ndani ya jiko!"

"Acha iungue!" Wariara akapaza sauti kutoka mlangoni, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kasisi alifumba macho. Alianza kuomba, lakini maneno aliyoyapata yalikuwa ya kumlaumu Mungu, basi akayaacha. Ndipo aliposikia kwamba kuna mtu mwingine kwenye laini, karibu zaidi kuliko wengine, amekuwepo kwa muda bila kusema.

"Hajanywa," sauti ya mwanamume ikasema.

"Nani?"

"Yuko hapa sakafuni, mzima. Nimeingia jikoni nikamkuta amekiinua. Nimekinyang'anya, nimekimwaga nje."

Wariara akasema, "Asante Baba," akaegemea mlango. Kasisi naye akajishika kwenye meza.

"Mungu akubariki, ndugu. Wewe ni nani?"

"Naitwa Gachanja. Mimi ni mume wake. Nimetoka kizuizini. Walisema mwisho wa mwezi, wakatuachilia mapema, nimetembea toka barabarani hadi hapa. Nimeinua hii simu wakati unaanza kusema. Nimesikia yote. Kasisi, nakuuliza kitu kimoja tu. Mtoto gani?"

Kasisi alikuwa amelifanya tena! Lile kosa lile lile, na safari hii si kwa kutojua. Alijua waya ni mmoja. Alijua kila nyumba inasikiliza. Lakini hakufikiria nyumba ile ile ya Makonge, na mtu wa pekee ambaye Wangare alikuwa tayari kufa ili asimtazame machoni akimweleza.

"Nilipochukuliwa hapa hatukuwa na mtoto," Gachanja akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Nimekaa huko miaka, hakuna mtu ameniandikia kuhusu mtoto. Ni mtoto gani huyo wanamcheka kisimani?"

"Gachanja, ndugu yangu, hilo ni la mke wako kukwambia. Mimi siwezi."

"Kwa hivyo wewe unajua."

"Niliambiwa kwa siri."

"Siri gani na mzungu amesikia?"

Hapo ndipo Mzee Nderitu aliposhindwa kujizuia. Alikuwa ameelewa ni nani anayeongea, maana sauti ya mume ilisikika mpaka ukutani alikokuwa, na uoga ukamtoa ukutani.

"Usimjibu!" akafoka. "Kata hiyo simu, Kahiga! Kata!"

Upande wa pili, Gachanja akauliza:

"Nani huyo?"

Kasisi akaufunika mkono wa simu kwa kiganja.

"Kasisi, nani huyo amesema hapo?"

"Ni mtu wa kanisa."

"Hiyo sauti naijua." Gachanja sasa alikuwa anaongea kwa taratibu, kila neno peke yake. "Siku ya kuchujwa walitupanga mstari, wanaume wote wa kambi. Wakatuletea mtu amevikwa gunia toka kichwani, matundu ya macho tu. Hakuna aliyemwona uso. Alikuwa akipita mbele yetu, akinyamaza anakuacha, akisema unachukuliwa. Alipofika kwangu alisema neno moja. 'Huyu.' Basi. Sikuwahi kula kiapo cha mtu, sikuwahi hata kuiba kuku. 'Huyu,' nikaenda. Kila usiku huko nimelala na hiyo sauti, Kasisi. Mwambie huyo mtu wa kanisa aseme neno hilo. Aseme tu 'huyu'."

Kasisi Kahiga alimgeukia Mzee Nderitu. Mambo mawili yalikutana kichwani mwake: nyapara aliyeshika pasi ya mke, na gunia lililompeleka mume. Mtu mmoja. Alimtaka mwanamke, basi akamwondoa mwenye nyumba kwanza. Na kila Jumapili mtu huyo amekuwa akishika sahani ya sadaka.

Akanyoosha mkono wa simu mpaka ukakaribia kidevu cha mzee.

"Sema, mzee."

Nderitu alibana midomo.

"Sema! Si neno kubwa. Mbona wakati ule lilitoka?"

Mzee akatikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa.

Ndipo sauti ya Wangare ikasikika, imekauka, lakini haikuwa tena ile ya kulia. Alikuwa ameinuka kutoka sakafuni akachukua simu mkononi mwa mumewe.

"Kasisi. Wiki jana uliniambia siri yangu ni yangu. Si ni hivyo?"

"Nilikwambia, mama. Na nikakuponza."

"Umeniponza, ndiyo, na tutaongea mimi na wewe siku nyingine. Lakini kama ni yangu, leo naitoa mimi mwenyewe. Nyinyi wa laini hii, sikilizeni vizuri, msibebe nusu. Aliyenipa mtoto ni Nderitu, aliyekuwa nyapara hapa. Alishika pasi yangu akaniambia nichague, kitanda chake ama lori la kwenda nisikokujua. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa. Nilikuwa sina wa kunitetea kwenye kambi nzima, na nyinyi wengi mlikuwa hapo, mlijua kwa nini mlango wangu unagongwa, mkageuza macho. Basi chekeni tena. Nawasubiri kisimani."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana wa sauti nzito alikohoa.

"Mama," Kasisi akasema, "uko na nani hapo?"

"Chepkemei amefika. Amenishikilia utafikiri mimi ni mtoto mchanga."

"Na Gachanja?"

"Ametoka. Nilipotaja jina alinitazama tu, akaweka mkono wake hapa kichwani kwangu, akatoka. Nimemwona akikata njia ya barabara kubwa. Kasisi, anakuja huko."

Mzee Nderitu aliusikia mwisho huo. Akamrukia Kasisi, akamng'ang'ania mkono wa koti kwa vidole vyote, na Kasisi katika kumkwepa akautupa mkono wa simu mezani.

"Nifiche, Kahiga! Nifungie humu kanisani!"

"Nikufiche? Wewe?"

"Ataniua. Na si yeye peke yake. Unafikiri alikuwa yeye tu? Ni wengi!" Mzee alikuwa analia sasa, kilio kibaya cha mtu asiyezoea. "Nimekaa na hayo maneno mpaka yananiamsha. Nani nitamwambia? Wewe ulitangaza sokoni. Una mzigo, piga simu. Hatumwambii mtu. Nami nina mzigo, Kasisi. Ama hiyo faraja yenu ni ya wale mnaowapenda peke yao?"

Kasisi Kahiga alitamani kumpasua mdomo. Alitamani kufungua mlango, akae kwenye ngazi, amsubiri Gachanja na kumwonyesha njia. Alimchukia mzee yule tangu kichwa hadi viatu, na alimchukia zaidi kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Alisimama hapo mpaka pumzi ikamtulia kidogo. Kisha akakivuta kiti cha wanaokuja kuliwazwa, akakipiga chini kwa nguvu mbele ya mzee.

"Kaa," akasema. "Sitamwambia mtu. Lakini hutanimalizia hapa kwa machozi tu. Utaanza na mtu wa kwanza uliyemnyooshea kidole ukasema 'huyu', jina lake na jina la baba yake, halafu wa pili, mpaka uwamalize."

Nderitu akakaa. Kasisi akaketi mbele yake, ameipa meza mgongo.

Wariara pale mlangoni ndiye peke yake aliyeuona. Mkono wa simu ulikuwa umelala mezani, mdomo juu, hakuna aliyeurudisha mahali pake. Laini ya Solai ilikuwa bado wazi, nyumba zote sita, na kila jikoni masikio.

Alipiga hatua ya kwanza, akanyoosha mkono aurudishe kwenye kidude chake. Kasisi ameahidi, na ahadi ni ahadi. Lakini mume wa Wariara naye alipitishwa mbele ya gunia, na mpaka leo hakuna aliyemwambia alizikwa wapi.

Akaurudisha mkono wake, akaukunja kifuani, na akamwacha mzee aseme.